Kitabu Kilikuwa Juu ya Ng'oma

Qurus, Jumanne alasiri

Mwanangu Marselina,

Salamu zangu leo hazihitaji stempu. Mimi niko hapa barazani, wewe umekwenda Karatu mjini kwa Mzee Abdi kubadilisha zipu ya begi, na kwa jinsi ninavyomjua Mzee Abdi, hatakuachia uondoke dukani kwake kabla hujanywa kahawa na kusikiliza habari za wajukuu zake wote. Kwa hiyo nina saa mbili, labda tatu. Baba yako nimemtuma kwa fundi baiskeli, asije akasimama nyuma yangu na kuniuliza naandika nini.

Sitakuandikia habari ya chandarua, wala ya kuchemsha maji, wala ya wanaume. Hayo nimekuimbia mwezi mzima mpaka umeanza kunijibu kabla sijamaliza. Nataka kukuandikia habari ya ile kaunta buku ya kumbukumbu za kigango uliyoifunga jana kwenye kanga yangu ya zamani na kuiweka katikati ya nguo. Kesho inapanda basi pamoja nawe. Padre amekuruhusu uipeleke chuoni Dar es Salaam, waipige picha ukurasa kwa ukurasa, kisha uirudishe wakati wa likizo. Umefurahi mno. Uliniambia, "Mama, ikishapigwa picha haipotei tena, milele na milele." Ulisema hivyo huku unakula kiazi, wala hukuona nilivyoacha kutafuna.

Maana ndani ya kitabu hicho kuna uongo, mwanangu. Na nimeuandika mimi.

Kaa chini kwanza. Mama yako hajaua mtu.

Tangu ulipoleta lile libuku nene kutoka loji ulikokuwa unafanya kazi, lile mgeni alilolisahau kitandani na meneja akakupa kwa sababu hakuna mwingine aliyelitaka, nyumba hii haijatulia. Kila jioni mimi nachambua maharage, wewe unanisomea na kunitafsiria. Wamonaki, yaani watawa, wa Ulaya ya zamani, na jinsi walivyokuwa wanaandika mambo ya siku zao wenyewe. Mtu amekaa ndani ya ukuta wa monasteri, vita iko mwendo wa wiki mbili, yeye anangoja msafiri apite, ampe mkate, amuulize kulitokea nini. Halafu anaandika kama vile alikuwepo, na juu yake anaweka, "Nimeambiwa na watu wa kuaminika." Mfalme akienda vitani, mwandishi anamtungia hotuba. Mfalme akifa, lazima kuwe na nyota yenye mkia iliyoonekana angani kabla. Na monasteri ikipewa shamba na tajiri fulani, huyo tajiri hakosi sifa ukurasa unaofuata.

Ukaniambia hata pwani yetu, huko Kilwa, walikuwapo waandishi wa namna hiyo, waliosikia kwa wazee wakaandika habari za masultani. Ukasema, "Mama, kazi ya mwanahistoria ni kuwauliza hawa watu: wewe ulijuaje?" Siku ile ulipofika kwenye nyota yenye mkia nilicheka mpaka nikamwaga ungo mzima. Ulidhani nawacheka wamonaki. Nilikuwa najicheka mwenyewe, Marselina. Nilikuwa najiona mule mule, na kanga yangu na yote.

Kitabu hicho kilianzishwa na Mzee Bernardo, katekista wetu wa kwanza hapa kigangoni, wewe humkumbuki. Mzee mrefu, mwembamba, kanzu yake fupi kila siku kwa sababu alikataa kushonewa nyingine. Macho yalipoanza kumchoka alinitafuta mimi, kwa kuwa nilikuwa nimemaliza darasa la saba na mwandiko wangu unasomeka. Nilikuwa mke mgeni hapa, nimetoka Mbulu, sina hata miaka miwili kwenye boma la bibi yako. Kupewa kitabu kile ilikuwa heshima kubwa. Nilitembea na kalamu sikioni kama fundi seremala, nakwambia, mpaka kisimani.

Alinifundisha kazi vizuri. "Andika mvua ya kwanza. Andika aliyezaliwa na aliyekufa. Askofu akija, andika alikula nini, maana watakaokuja watataka kujua tulikuwa na nini cha kumpa." Na jambo moja alilirudia kila mara, akiwa amenishika mkono ili nisikie: "Binti, andika siku ile ile. Habari ikilala, inaamka imevaa nguo nyingine."

Yale mengine yote niliyafuata. Hilo moja, siku lilipohitajika, nililiacha.

Wewe ulikuwa mgongoni kwangu, huna hata mwaka. Ulikuwa mwaka wa ukame. Mahindi tuliyovuna yalijaa magunia mawili, lakini mabua yalikuwepo shambani, na wafugaji walishusha ng'ombe kutoka kila upande. Mwenyekiti aliafikiana nao kama ilivyokuwa desturi: ng'ombe wale mabua, shamba libaki na samadi. Mmoja wao alikuwa morani aliyeitwa Koisikir. Alitoka mbali, Enguserosambu, na ng'ombe wa baba yake, mbavu zao unaweza kuzihesabu. Alikuwa mkimya. Kila Jumapili wakati wa ibada alichungia karibu na kigango, anasimama kwa mguu mmoja, ameegemea fimbo, mpaka ng'oma inyamaze.

Siku ya somo wa kigango, yule mtakatifu tuliyepewa jina lake, tulipika nyuma ya kanisa la zamani, lile la kuta za udongo na paa la nyasi. Tulikuwa wanawake wanne, na mafiga yalikuwa ya kwangu. Yaani mimi ndiye niliyepewa dhamana ya moto. Tukapika makande, watu wakala, wakacheza, wakatawanyika. Ikabaki kazi ya kuzima.

Sasa nisikilize hapa. Bibi yangu aliyenilea alinifundisha kwamba moto haumwagiwi maji. Moto unalazwa. Unakusanya makaa, unayafunika majivu vizuri kama mtoto, asubuhi unakuta moto wako hai, na jirani akija kuomba kaa unampa. Kumwaga maji mafigani ni kuifukuza baraka. Na mwaka ule maji yenyewe tulikuwa tunayachota mwendo wa saa nzima. Nani angeyamwaga kwenye moto? Nikaulaza. Nikakufunga vizuri mgongoni, nikaenda nyumbani nimeridhika kabisa na kazi yangu.

Moto wa kulaza ni moto wa ndani ya nyumba, mwanangu, kwenye kuta. Pale nyuma ya kanisa kulikuwa na upepo unaoteremka kutoka msitu wa Ngorongoro, unaoujua, ule unaopeperusha mpaka masufuria.

Nilisikia kelele nikiwa sijamaliza kukunyonyesha. Tulipofika paa lilikuwa limeshika lote. Watu wanarusha udongo, wanakata matawi, Mzee Bernardo amekaa chini anashika kichwa. Halafu mlango ukasukumwa kutoka ndani, na Koisikir akatoka kwenye moshi, anakohoa, shuka yake inafuka, mkono mmoja umeungua, na kifuani amekumbatia ng'oma ya kwaya. Juu ya ng'oma, kati yake na kidevu chake, kulikuwa na kaunta buku yetu. Ukingo wake umeungua, kama unavyouona leo. Akaweka vitu vyote chini, akaenda kutafuta ng'ombe wake waliokuwa wametawanyika. Hakuna aliyemfuata kumpa hata maji ya kunawa.

Kesho yake alfajiri nilikwenda peke yangu. Nyasi zilikuwa zimeungua kuanzia mafigani kwangu mpaka ukutani, njia moja nyeusi, haina kona. Niliiona. Sitakudanganya tena kwa kusema sikuiona. Nilisimama pale mpaka miguu ikapoa, nikarudi nyumbani nikakaa kimya.

Na sikuandika. Siku ya kwanza nilijiambia nina homa. Siku ya pili mtoto analia. Siku ya tatu nikasikia kisimani mtu anasema, "Wale wafugaji si walikuwa wanachemsha chai pale mgungani?" Siku ya tano watu watatu walikuwa wameniambia jambo hilo hilo, na wote watatu, nikichunguza, walilipata kwa yule yule mmoja wa kisimani. Siku ya tisa, Mzee Bernardo aliniuliza kama nimeandika. Nikakaa mezani, nikaandika. Unajua nilianzaje? "Kwa mujibu wa watu wa kuaminika."

Loo, na jinsi nilivyoandika vizuri! Nikaweka bundi aliyelia juu ya paa siku tatu kabla. Hakuna mtu aliyemsikia bundi huyo mpaka kanisa lilipoungua. Baada ya hapo kila mtu alimsikia. Nikamwandikia padre hotuba ndefu mbele ya majivu, hotuba ya machozi, wakati yeye alisema tu "Poleni sana, mshukuruni Mungu hakuna aliyekufa," akanywa uji, akaondoka na pikipiki yake. Miaka kadhaa baadaye alikisoma kitabu, akaipenda hotuba ile, na siku ya jubilei akaihubiri yote kama alivyoisoma. Nilikaa benchi la tatu nimeinamisha kichwa, watu wakadhani nasali.

Hayo ya bundi na hotuba ni vichekesho. Lakini niliandika pia kwamba moto ulitoka kwa wafugaji waliokuwa wanachemsha chai. Na kuhusu kaunta buku nikaandika, "Kwa rehema ya Mungu kitabu hiki kiliokoka." Basi. Kama vile Mungu mwenyewe ndiye aliyeungua mkono. Nilishindwa kumtaja Koisikir, maana mtu angeuliza: mchoma kanisa anaingiaje motoni kuokoa vitu vya kanisa? Ukimweka kwenye sentensi ya pili, ile ya kwanza inaanguka. Kwa hiyo nikamwacha nje.

Jumapili iliyofuata mwenyekiti alikuja na kamati yake, akasema wasiamini maneno ya mitaani, waletewe kilichoandikwa. Nikasimama nikasoma, kwa sauti yangu hii hii. Siku hiyo hiyo wafugaji walikatazwa mabua ya Qurus, na Koisikir akaondoka na ng'ombe wake katika ukame ule. Nilisikia baadaye kwamba wengi hawakufika. Tangu hapo mpaka mwaka huu hakuna ng'ombe wa mfugaji aliyekanyaga mashamba yetu, na sisi tukabaki tunalalamika kwamba udongo umechoka.

Wewe umekua ukinisifu kwa ajili ya kitabu hiki, Marselina. Darasa la tano uliandika insha kwamba mama yako ni mwandishi wa historia. Mwalimu akakupa alama nzuri, baba yako akaibandika ukutani kwa ugali. Kila nilipopita pale nilitazama upande wa pili.

Mwezi uliopita uliposema kitakwenda kupigwa picha, nilichukua wembe. Nakwambia ukweli. Ulikuwa umenisomea juzi yake kwamba wamonaki walikuwa wanaandika kwenye ngozi na wakikosea wanakwangua kwa kisu. Nikafungua ukurasa ule. Ukingo umeungua tayari. Ukikosekana ukurasa mmoja nani atauliza? Nikaweka wembe karibu na mshono. Halafu nikakusikia ndani unaimba huku unapiga pasi, na nikafikiri, huyu ndiye atakayeuliza. Atahesabu kurasa. Nimezaa mtoto wa kuhesabu kurasa. Nikarudisha wembe kwa baba yako, akanyolea ndevu.

Siku ya mnada niliyosema nakwenda kununua majani ya chai, ukashangaa nimerudi bila majani, nilikwenda kumtafuta Koisikir. Nilisikia ameoa, anaishi juu Ngorongoro kwa wajomba zake, na hushuka kuuza mbuzi. Nilizunguka mnadani tangu asubuhi. Vijana wawili walitaka kuniuzia beberu kwa nguvu. Mwishowe nikauona mkono kabla sijauona uso: kovu kutoka kifundoni mpaka kwenye kiwiko, ngozi imekunjamana. Mtu mzima sasa, ana kitambi kidogo, simu mbili.

"Takwenya, yeyo," akanisalimu, kama anavyomsalimu mama yeyote.

"Iko," nikaitikia. "Wanikumbuka?"

Akanitazama. "Wewe ni mama wa kitabu."

Nilikuwa nimejiandaa njia nzima, nina maneno mazuri kabisa. Nikamwambia nataka kuandika upya. Nikamwambia nitaandika jinsi alivyoingia motoni kuokoa kitabu cha kumbukumbu za watu wa Qurus, ingawa hakikuwa kitabu chake. Nilikuwa nimeshaipanga kichwani, ina machozi, ina kila kitu. Alinisikiliza mpaka mwisho, halafu akatingisha kichwa.

"Hapana, yeyo. Mimi sikufuata kitabu. Nilifuata ng'oma."

"Ng'oma?"

"Ndiyo. Kila Jumapili nilikuwa naisikia nikiwa na ng'ombe. Nikasema, ikiungua hii, Jumapili itakuwa kimya. Kitabu kilikuwa juu ya ng'oma. Kingekuwa chini ningekiacha. Mimi sijui kusoma." Akacheka. "Andika ng'oma."

Unaona, Marselina? Nilikwenda kutubu uongo mmoja, nikafika na mwingine mkononi, tena huu mzuri zaidi, wa kumsifu. Ungeingia kitabuni kama nisingemwambia kwanza. Na yeye mwenyewe ndiye aliyekataa sifa.

Nikamuuliza, "Na moto ulitoka wapi, ulijua?"

"Nilijua siku ile ile. Nilikuwa nimesimama pale juu. Moshi ulianza kwenye mafiga ya akina mama."

"Mbona hukusema!"

"Nani aliniuliza?"

Hakulisema kwa hasira. Alikuwa anamkagua mbuzi meno huku anasema. Nililia pale mnadani, mbele ya watu na mbuzi wao, na sikujali. Nikamwomba radhi kwa kinywa changu, na kwa ng'ombe wa baba yake. Akasema wale ng'ombe walikuwa na majina, akanitajia matatu. Halafu akaniuliza swali ambalo sikulitegemea: "Mwaka huu mabua yapo?"

Wiki mbili zilizopita, siku ya Jumapili, wewe ukiwa kwenye zamu yako ya mwisho loji, nilisimama baada ya ibada. Nikamwambia baba yako akae karibu na mlango iwapo nitakimbia, amlinde mama yako. Nikasema yote. Mafiga, majivu, siku tisa, chai ya uongo, ng'oma. Nikamaliza. Halafu Mama Paulina, yule yule aliyepika nami siku ile, akainuka na fimbo yake.

"Sasa wewe Mama Marselina, ulidhani sisi vipofu? Nani alifagia ile njia nyeusi? Si mimi hapa?"

Watu wakaguna. Akaendelea: "Tulinyamaza kwa sababu ulikuwa mke mgeni, tukaogopa mama mkwe wako atakutafuna mbichi. Tulisema atajisemea mwenyewe. Ulipoandika, tukasema basi, imeshaandikwa."

Imeshaandikwa! Watu waliokuwepo, waliouona moto kwa macho yao, waliyaacha macho yao wakashika maandishi yangu. Hilo limenikaa kooni kuliko kovu la Koisikir. Sikujua kalamu ina nguvu ya namna hiyo. Nilidhani ni ya kuandikia mvua na ubatizo tu.

Basi kikao kikaenda mpaka mchana. Wengine walinifokea, na walikuwa na haki. Mwenyekiti wa sasa, ambaye siku ile alikuwa mtoto wa kuchunga ndama, akasema mabua ni ya mwenye shamba na kila mtu aamue. Mwishoni mzee wetu Ako Tluway akafunga kwa maombi ya kale ya Kiiraqw, yeye anataja, sisi tunaitikia, mvua, mifugo, watoto, mipaka, na nilipoitikia sauti ilitoka bila kukwama kwa mara ya kwanza kwa miaka yote hii. Nikawaomba wote wasikuambie, waniachie nikuambie mwenyewe. Wewe unajua watu wa hapa. Kwamba hawajakuambia mpaka leo ni muujiza, na huo niruhusu niuandike kitabuni.

Wale ng'ombe uliowaona juzi shambani kwetu, ukaniuliza wa nani, nikakuambia wa mgeni, ni wa Koisikir. Nawasikia sasa hivi ninavyoandika, wanavunja mabua nyuma ya jiko. Baba yako anatembea kuwahesabu kana kwamba ni wake. Nina furaha, mwanangu. Nilidhani nikishasema nitakuwa mtu mdogo. Nimekuwa tu mtu aliyelala vizuri.

Unakwenda kusomea kazi hii hii, wewe kwa vyeti, mimi kwa kalamu ya sikioni. Sina la kukufundisha juu ya wamonaki. Nina hili tu la jikoni: ukikuta kitabu kimesema moto ulitoka kwa fulani, mtafute aliyekuwa na dhamana ya mafiga, na uone kama ndiye aliyekuwa na kalamu. Na ukimaliza kuwasikiliza watu wa kuaminika, panda kidogo pale juu, umtafute yule aliyekuwa amesimama na fimbo, ambaye hakuna aliyemuuliza. Atakuambia ng'oma wakati wewe ulitaka kitabu. Mwandikie ng'oma.

Wakikuuliza huko chuoni mwandishi wa ukurasa ule ni nani, usiseme humjui. Usiseme "ni mama mmoja wa kijijini kwetu." Sema ni mama yako. Ukiona haya, ione tu. Mimi nimeiona miaka yote na bado nakula.

Ukurasa wa zamani nimeuacha kama ulivyo, bundi na yote. Mpya nimeuandika jana, chini yake, kwa wino mweusi kwa kuwa wa bluu umekwisha. Nakunakilia hapa ili usiifungue kanga njiani vumbi likaingia:

"Moto ulioteketeza kanisa letu la nyasi ulitoka mafigani kwangu. Niliulaza, sikuuzima. Hakuna mfugaji aliyechemsha chai. Hotuba ya padre niliitunga. Bundi simjui. Koisikir wa Enguserosambu aliingia motoni kuokoa ng'oma, akaungua mkono, na kitabu hiki kilikuwa juu ya ng'oma. Tulimfukuza kwa maandishi yangu. Mwaka huu amerudi na ng'ombe wake, na ng'oma bado inalia kila Jumapili. Haya sikuambiwa na mtu. Nilikuwepo."

Nasikia baiskeli ya baba yako. Nenda salama, mwanangu, urudi nacho.

Mama